Waya Ufichwe, Njia Yake Ijulikane

Chamani mwetu tumezoea kusomeshana ngeli, vitendawili na mashairi, na wako wenzetu wanaodhani ati Kiswahili kikiingia ndani ya kisanduku cha fyuzi hakitoki salama. Mimi nasema kinatoka, tena kikiwa na afya. Leo nataka tujifunze jambo linalowahusu wengi wetu ambao wazazi wetu wanapanga nyumba: namna ya kuongeza soketi moja chumbani bila kuuachia ukuta matundu ya keekee yanayoonekana, na bila nyaya kuning'inia kama kamba za kuanikia nguo.

Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa kumshikia mjomba wangu ngazi wakati wa likizo. Yeye ni fundi wa stima mwenye leseni. Hesabu zenyewe ni zile zile za somo la Fizikia. Kazi yangu imekuwa kuzivalisha kanzu.

Shida yenyewe

Nyumba nyingi za kupanga zina soketi moja kwa kila chumba, nayo mara nyingi iko karibu na mlango. Meza ya kusomea iko dirishani, upande wa pili. Mwenye nyumba naye amekwisha sema: hataki kuona tundu ukutani, na atakayetoboa ataacha dipoziti yake hapo hapo. Sasa wewe unataka taa ya kusomea, baba anataka redio, na dada anataka kuchaji simu. Mtafanya nini?

Jibu la watu wengi ni kununua ekstensheni ndefu na kuipitisha chini ya zulia. Wageni wakija hawaioni, na kila mtu anafurahi. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Waya ule umefichwa machoni pa wageni, na umefichwa pia machoni pa wenye nyumba. Hakuna ajuaye umekanyagwa mara ngapi, wala mguu wa kiti umeukata wapi.

Hili ndilo fundisho langu kuu la leo. Waya unaweza kufichwa usionekane, lakini njia yake lazima ijulikane. Mtu yeyote akiingia chumbani na kuitazama soketi, aweze kusema bila kukosea, "Waya wake umepita hapa." Ukilishika hilo, mengine yote ni kupima na kukata.

Maneno ya kazi

Kabla hatujashika msumeno, tushike maneno. Sisi Wakenya twasema stima. Vitabuni twaandika umeme. Stima katika kamusi za zamani ni meli iendayo kwa mvuke, lakini kwetu neno limehama baharini likaingia kwenye balbu, na sioni sababu ya kulifukuza. Keekee ni kile chombo cha kutobolea. Mafundi wa siku hizi huita drili. Timazi ni uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaotuonyesha mstari wa kwenda chini wima. Pimamaji ni kile kifaa chenye povu dogo ndani ya kioo, kinachotuambia kama mstari umelala sawa.

Mfereji ule mwembamba wa plastiki unaobandikwa ukutani ili upitishe waya, mafundi huuita trankingi. Una sehemu mbili: kitako kinachokaa ukutani na kifuniko kinachobanwa juu yake. Mimi nitauita mfereji, maana kazi yake ni hiyo hiyo ya mfereji wa maji, ila humu yanapita mambo makali zaidi. Na tusisahau ngeli: waya huu umekatika, nyaya hizi zimekatika.

Kwa nini zulia si maficho

Wacha tufanye hesabu kidogo. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Plagi yetu ya meno matatu ya mraba hubeba ampea 13 tu. Zidisha 240 kwa 13, utapata wati 3120. Hicho ndicho kikomo cha plagi moja, hata ikiwa ekstensheni yake ina matundu sita.

Sasa chukua birika la stima la wati 2000. Gawanya kwa 240, unapata kama ampea 8.3. Chukua pasi ya wati 1200, hiyo ni ampea 5. Ukivitia vyote viwili katika ekstensheni moja, jumla ni ampea 13.3. Kikomo kimepitwa. Mwanafunzi atauliza, "Si fyuzi itakatika?" La hasha. Kwa ziada ndogo kama hiyo fyuzi ya ampea 13 hustahimili muda mrefu, na muda wote huo waya unapata joto.

Hapo unene wa waya ndio unaoamua. Waya laini wa ekstensheni wenye unene wa milimita mraba 1.25 unafaa kubeba ampea 13. Ule mwembamba wa 0.75 unafaa ampea 6 tu, na ekstensheni za bei rahisi mara nyingi huwa na waya mwembamba. Ukiuweka hewani, joto lake hutoka. Ukiufunika kwa zulia, joto halina pa kwenda. Ni sawa na kumvika mtu blanketi mchana wa jua. Ukiuzungusha mviringo kama kamba ya ng'ombe ndipo mambo huharibika kabisa, kwa sababu kila mzingo unaupasha mwenzake. Plastiki hulainika, nyaya hugusana, na zulia ndilo kuni.

Basi kwa taa na redio zinazokaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, dawa ni soketi ya kudumu yenye waya wa kudumu. Soketi hutumia waya wa milimita mraba 2.5. Taa za darini hutumia 1.5. Jiko la stima na bomba la kuogea linalochemsha maji vina nyaya zao nene kutoka kwenye kisanduku kikuu, na haviingii katika somo hili hata kidogo. Bomba la wati 5000 linakula karibu ampea 21. Usijaribu kulipachika kwenye tawi la soketi.

Kuchagua njia

Fundi mzuri hutazama chumba kabla ya kufungua begi lake. Anatafuta mistari iliyoko tayari: skatingi, yaani ule ukingo ulio chini ya ukuta, kona ambapo kuta mbili zinakutana, na mbao za fremu ya mlango. Jicho la mtu limezoea mistari hiyo, kwa hivyo mfereji ukipita sambamba nayo hauonekani upesi. Mfereji ukikatiza katikati ya ukuta, hata ukipakwa rangi gani, utaonekana tu.

Njia ya chini, juu kidogo ya skatingi, ndiyo bora. Meza na kitanda huifunika. Tena iko mbali na mahali ambapo watu hupigilia misumari ya picha na kalenda.

Waya uende wima au ulale sawa, usiende kimshazari. Katika nyumba moja tuliyoitwa, fundi aliyetutangulia alikuwa ameuzika waya ndani ya plasta ukienda kimshazari kutoka soketi hadi soketi, ati aokoe mita moja ya waya. Plasta ikapakwa rangi, kazi ikapendeza mno. Miezi baadaye mpangaji akapigilia msumari wa saa ya ukutani, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angetarajia waya. Cheche zikaruka na nyumba nzima ikazima. Aliponea kwa sababu kinga ya kisanduku ilikata upesi. Mita moja ya waya ilitaka kununuliwa kwa roho ya mtu!

Kwa hivyo kanuni ya mafundi kwa waya uliozikwa ukutani ni hii: upite wima au ulale sawa kutoka kwenye soketi au swichi inayoonekana, au upite ndani ya sentimita 15 kutoka darini au kutoka kona ya kuta mbili. Ukiijua kanuni hii, unaweza kuusoma ukuta kama unavyosoma kitabu. Ukiona swichi, jua kwamba juu yake na chini yake, kushoto na kulia kwake, hapafai msumari. Mfereji wa nje una sifa zaidi, maana unajitangaza wenyewe. Hata mtoto anaona waya umepita wapi.

Na ziko nyumba ambazo hazifai kutobolewa hata mwenyewe akiruhusu. Katika Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kuta za nyumba za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na ndani mna vidaka vilivyonakshiwa. Ukipitisha keekee hapo umebomoa kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani, na hakuna dipoziti itakayoirudisha.

Kazi yenyewe

Tuchukue mfano. Soketi ya mlangoni iko sentimita 40 kutoka sakafuni. Mfereji tunataka upite sentimita 10 kutoka sakafuni. Kwa hivyo unashuka sentimita 30, unafuata ukuta mita 2.4 hadi kona, unafuata ukuta wa pili mita 1.8 hadi nyuma ya meza, kisha unapanda sentimita 30. Jumla ni mita 4.8. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kukosea, inakuwa karibu mita 5.3. Nunua mita 6.

Upana nao una hesabu yake. Waya bapa wa 2.5 wenye ethi ndani yake una upana wa kama milimita 10 na unene wa kama milimita 6. Mfereji usijazwe kupita asilimia 45 ya nafasi yake, ili joto lipate mahali pa kupumulia. Waya mmoja waenea vizuri katika mfereji wa milimita 16 kwa 16. Nyaya mbili zataka 25 kwa 16. Ukiona unasukuma kifuniko kwa goti ndipo kifunge, jua umekosea saizi. Waya wa antena au wa simu usichanganywe humo. Upewe mfereji wake.

Sasa hatua kwa hatua.

Kwanza, omba ruhusa ya mwenye nyumba, tena iandikwe. Neno la mdomo husahaulika siku ya kuhama.

Pili, ujaribu ukuta. Upake kiganja chako ukutani. Kikitoka cheupe, rangi ni ya unga, na gundi itashika unga badala ya ukuta. Futa kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke kabisa, ujaribu tena. Ukuta wenye unyevu usibandikwe kitu mpaka unyevu utibiwe.

Tatu, chora mstari kwa penseli ukitumia pimamaji, na mahali pa kupanda tumia timazi. Usiamini sakafu, sakafu nyingi zimeinama na hazisemi.

Nne, kata mfereji kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Kwenye kona kata nyuzi 45 kila upande ili vipande vibusiane. Lainisha ncha kwa msasa, kwa sababu ncha kali hukwaruza waya.

Tano, bandika kitako. Iko mifereji yenye utepe wa gundi mgongoni; mingine hutakiwa upake gundi mwenyewe. Bonyeza kwa nguvu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha iache hadi kesho yake kabla ya kuweka waya. Haraka haraka haina baraka, na gundi haijui mwanafunzi yuko likizo ya wiki mbili.

Sita, laza waya ndani bila kuuvuta wala kuukunja kwa ukali, ubane kifuniko. Mfereji ukipakwa rangi ile ile ya ukuta, utautafuta kwa tochi.

Lakini niseme kweli: gundi pekee haitoshi kwa soketi yenyewe. Plagi huchomekwa na kuchomolewa kila siku, na kila mvuto unakibandua kisanduku kidogo kidogo. Kisanduku cha soketi lazima kishikwe kwa skrubu mbili. Matundu hayo mawili hufunikwa na kisanduku chenyewe, na meza inakifunika kisanduku. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo, bila matundu yanayoonekana. Sikusema bila tundu kabisa. Mweleze mwenye nyumba hivyo hivyo, naye atakuheshimu. Kabla ya kutoboa hayo mawili, kumbuka kuusoma ukuta kama nilivyoeleza.

Gundi na moto

Hapa naomba usome polepole. Mfereji wa plastiki uliobandikwa juu ya mlango au darini unapendeza, lakini moto ukitokea, plastiki huyeyuka, gundi huachia, na nyaya huanguka zikiwa zimetandaa kama wavu. Watu wanakimbia gizani ndani ya moshi, na wavu ule uko mbele yao.

Haya si mambo ya kubuni. Tarehe 2 Februari 2005 katika jengo la Harrow Court, mjini Stevenage, Uingereza, moto uliwaua wazimamoto wawili na mkaaji mmoja. Mmoja wa wazimamoto hao alinaswa na nyaya zilizoanguka baada ya plastiki iliyozishika kuyeyuka. Tarehe 6 Aprili 2010 wazimamoto wengine wawili walikufa katika jengo la Shirley Towers, mjini Southampton, na huko pia nyaya zilizoanguka ziliwatatiza. Baadaye kanuni za Uingereza za kufunga stima zilibadilishwa: mwaka 2015 kwa njia za kutorokea, na mwaka 2018 kwa nyumba nzima. Nyaya zote sharti zishikwe kwa kitu kisichoanguka mapema motoni, kama vile vibanio vya chuma.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, tuwe na sababu nyingine ya kupenda njia ya chini. Waya ulio karibu na skatingi hauna pa kuanguka. Pili, ikiwa hapana budi kuzunguka mlango, waya ufuate fremu, na ndani ya mfereji ushikwe kwa vibanio vya chuma vilivyotiwa skrubu kwenye mbao. Tundu dogo la mbao huzibwa kwa urahisi. Mtu akinaswa, hazibiki.

Nani aunganishe?

Kupima, kuchora, kukata na kubandika mfereji mtupu, mwanafunzi anaweza. Kuunganisha waya na stima ni kazi ya fundi. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, mafundi wa stima hupewa leseni na EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake bila kuona haya. Fundi wa kweli huionyesha akitabasamu.

Akija, mtazame. Je, amezima swichi kuu na kuwaambia wote nyumbani? Je, amejaribu kwa testa kabla ya kugusa? Je, ameangalia rangi? Katika nyumba za zamani nyekundu ndiyo yenye stima na nyeusi ni nyutro. Katika nyaya mpya, kahawia ndiyo yenye stima na buluu ni nyutro. Kijani chenye manjano ni ethi, nayo haiachwi ikielea ati kwa sababu redio inalia bila hiyo. Muulize pia kama kisanduku kikuu kina kinga ya kuvuja kwa stima ya miliampea 30. Hiyo ndiyo hukata upesi stima ikipitia mwilini mwa mtu. Mwisho, soketi moja ya zamani izae soketi moja mpya, basi. Tawi lisizae tawi.

Kazi ikiisha, chukua karatasi, uchore chumba, uweke alama njia ya waya na umpe mwenye nyumba nakala moja. Mpangaji atakayekuja baada yenu atakushukuru, ingawa hatajua jina lako.

Zoezi kwa wanachama

1. Pasi ya wati 1000 na birika la wati 2200 vimetiwa katika ekstensheni moja. Piga hesabu ya ampea. Je, kikomo kimepitwa?

2. Chora chumba chako cha kulala. Onyesha mahali ambapo hapafai msumari, na ueleze umejuaje.

3. Tunga sentensi moja moja kwa maneno haya: keekee, timazi, pimamaji, vibanio.

4. Nyumbani kwenu inua pembe ya zulia. Ukiona waya hapo, waeleze wazazi wako kwa adabu ulichosoma leo, kisha uandike insha fupi juu ya walivyokujibu.

Zoezi la nne ndilo lenye alama nyingi. Yangu ni hayo, na kalamu naiweka chini.